Mwanangu kaandika "dada yangu ana nbevu". Walimu na wazazi, b na d mlizitenganishaje?

Suka Mstaarabu (mleta mada)

Wakuu habari za jioni.

Mwanangu ana miaka sita na miezi, yuko darasa la kwanza, shule ya Kiswahili. Juzi waliambiwa waandike sentensi mbili kuhusu baba. Daftari limerudi hivi, nanukuu kama lilivyo:

"dada yangu ana nbevu. dada ni bereva."

Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka nusu, maana chini yake kuna mkasi mkubwa wa kalamu nyekundu na maneno "mzazi msaidie mtoto". Mzazi mwenyewe ndiyo mimi, na njia ninayoijua ni moja tu. Nikamwandikia b mstari wa juu, nikamwambia ajaze ukurasa mzima. Akajaza. Ukurasa wa pili d, akajaza, mwandiko safi kabisa. Nikafunga daftari, nikampa karatasi, nikamwambia andika baba. Akaandika dada. Nikamuuliza hapo umeandika nini? Akanijibu "baba", tena kwa kujiamini.

Kinachonichanganya ni kwamba hakosei kila mara. Kuna siku zote zinakaa sawa, kesho yake zimegeuka. Kwa mdomo hana shida, ukimuuliza bata anaanza na sauti gani anakwambia. Na m, k, s, t anazisoma bila kusita. Ila ndugu wameshaanza maneno ya "kichwa kizito" na yeye anasikia.

Wenye uzoefu naombeni msaada. Nawasilisha.

---

Kisiki Kikavu

Fimbo mbili. Moja ya b, moja ya d. Sisi tulijua hivyo hivyo.

---

Mama Wawili

Kisiki, mimi natumia mkono wa kushoto. Darasa la kwanza nilikuwa napigwa rula ya vifundo kila nikishika penseli. Kuandika kwa kulia nilijua, kweli, na mwandiko wangu mpaka leo ni kama kuku kakanyaga wino. Nikisaini benki wananirudishia fomu. Hizo fimbo zako kaa nazo.

Mleta mada, nimeweka kambi hapa, wa kwangu wa pili ndiyo anaanza awali.

---

Mwalimu Visoda

Suka, kwanza mpe kijana hongera. Ametunga sentensi mbili zenye maana, ameacha nafasi kati ya maneno, ameweka nukta. Darasa la kwanza hayo si madogo, na hakuna tiki hata moja ya hayo.

Nafundisha awali na darasa la kwanza. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) wa 2015 ulinikuta nina chaki mkononi tayari. Kila mwaka napata watoto kama wako, tena si wawili watatu. Na Kiswahili kina mtego wake hapa: ukigeuza b za "baba" unapata neno jingine halali kabisa, tena la mtu wa humo humo nyumbani. Bibi akigeuka "didi" mtoto anaweza kushtuka, hilo neno hajawahi kulisikia. Baba akigeuka dada, nani amshtue?

Mimi b na d naziita Kulwa na Doto. Mapacha wanaofanana huwezi kuwatambulisha kwa mgeni siku moja ukategemea kesho asikosee. Unamleta Kulwa, anakaa, mgeni anamzoea sura na sauti. Akishamzoea ndiyo unamwita Doto. Kosa ninaloliona hata kwa walimu wenzangu ni kuzifundisha wiki moja, zikiwa sambamba ubaoni, "hii b, hii d, msizichanganye". Hapo umeshawachanganya. Darasani kwangu b inakuja mapema kwa ajili ya baba na bibi, na d inasubiri mpaka nimepitisha herufi nyingi tu katikati.

Sasa huo ukurasa mzima. Kujaza ukurasa ni kukopi. Kuanzia mstari wa pili mtoto anatazama aliyoandika yeye juu yake, haangalii ya kwako wala hasikii sauti yoyote kichwani. Niliwahi kumkuta mmoja amechora vijiti vyote kwanza, kutoka juu ya ukurasa hadi chini, halafu anarudi kubandika matumbo moja moja. Ukurasa umejaa, lakini b hata moja hajaandika.

Macho yanaona herufi mbili zinazofanana. Mkono ukifundishwa vizuri hauoni hivyo, kwa sababu b na d hazianzii mahali pamoja. b inaanza juu kwa kijiti: shuka, panda kidogo, zunguka mbele. Ukoo wake ni h, n, m, r, p, zote zinaanza kwa kushuka. d inaanza na mviringo: zunguka kwa nyuma kama unaandika a, panda mpaka juu kabisa, shuka. Ukoo wake ni a, o, g. Watoto wetu wote wanaanza na irabu, a wanaijua kabla ya vyote. Basi d ni a iliyorefuka shingo. Mwambie andika a, sasa irefushe shingo kama twiga.

Mtoto anayeandika d kwa kuanza na kijiti ndiye atakayekusumbua. Kwake herufi zote mbili ni kijiti na tumbo, kazi iliyobaki ni kubahatisha tumbo likae upande gani. Ndiyo maana siku nyingine anapatia.

Leo usimsahihishe kitu. Kaa ubavuni kwake uangalie penseli inaanzia wapi, basi. Uje utuambie.

---

Suka Mstaarabu

Mwalimu nimekaa ubavuni.

Zote anaanza na kijiti. Zote! Tena anaanzia chini, anapanda juu, halafu anainua penseli na kwenda kutafuta pa kuweka duara. Miezi yote hii sijawahi kuliona hilo, nilikuwa naangalia karatasi ikishamalizika.

Kingine, a yake anaiandika kama hii ya kwenye simu, yenye paa juu. Kwa hiyo ile ya kurefusha shingo imegoma. Twiga ana kofia.

---

Mwalimu Visoda

Nimecheka. Hiyo a ya paa ni ya machapisho. Kusoma azijue zote mbili, kuandika ajue moja, ya mviringo na mkia mfupi kulia. Kuna kadi za herufi zinachapwa kompyuta bila mtu kuangalia hilo, mtoto anakaa anachora paa.

Basi rudi nyuma. d ifungie kabatini kwa wiki mbili, usiitaje. Kwanza nyoosha a, halafu b peke yake. Na penseli isiwe ya kwanza. Aanze hewani, mkono mzima kutoka begani, wewe umesimama mbele yake umempa mgongo. Ukimgeukia uso kwa uso anaiona herufi yako imegeuka, wazazi wengi wanasahau hapo. Kisha kidole kwenye sinia la mchanga, au unga wa dona kama mama hatagomba. Kisha mwandikie mgongoni kwa kidole akisie ni herufi gani, yeye naye akuandikie wewe. Hapo watoto wanacheka sana na hawajui kama wanasoma. Ukuta wa nje na kitambaa chenye maji unafaa. Visoda vya kupanga juu ya mstari wa chaki pia vinafaa, ndiyo asili ya jina langu humu, ila visoda vinafundisha umbo tu, havifundishi mkono kuanzia wapi.

Kila akiandika atamke sauti yenyewe, "b", fupi, midomo ikifunga na kuachia. Asiseme "be".

Daftari lije mwisho kabisa. Mistari mitatu tu. Akimaliza mpe penseli ya rangi aizungushie b moja anayoona ni nzuri kuliko zote. Anaichagua mwenyewe. Utashangaa anavyokuwa mkali kuliko wewe.

---

Mzee wa Mwembeni

Mwalimu, mimi ni mtu wa zamani kidogo. Tulikaa chini ya mwembe, mwalimu na ufito mrefu wa kuonyeshea ubao: ba be bi bo bu, da de di do du, tunaimba. Hakuna cha sauti wala unga wa dona. Mbona tulijua kusoma?

---

Teacha wa Kilifi

Shikamoo mzee. Mlijua kwa sababu ule wimbo wenyewe ulikuwa sauti. "Ba" ni kitu kinachotamkika, na Kiswahili karibu chote kimejengwa kwa vipande vya namna hiyo, kwa hiyo mtoto akizishika silabi ameshika lugha. Shida iko kwa anayefundishwa majina. Akiambiwa hii inaitwa "be" na hii ni "a", akiunganisha anapata "bea". Baba anakuwa beabea.

Huku kwetu Kenya, Tusome, ule mpango wa kufundisha kusoma, ilipoanza 2015 nilikuwa nafundisha darasa la kwanza, na ndipo nilipozoea kuanza na sauti kabla ya yote. Nilibishana nayo mwanzoni, sitaficha.

Lakini mzee nikuulize, wangapi chini ya mwembe walikuwa wanaimba bila kutazama ubao? Mimi hufunika chati, naacha "bu" peke yake. Darasa linaanza kunong'ona "ba, be, bi, bo..." mpaka lifike. Wanajua wimbo, herufi bado.

Na wenye watoto shule za Kiingereza kazi yenu ni maradufu. Kule majina yenyewe yanafanana, "bii", "dii", "pii". Sikio nalo halisaidii jicho. Tena wana q, ambayo Kiswahili hakina, kwa hiyo p nayo inapata pacha wake.

---

Mzee wa Mwembeni

Marahaba. Kusema kweli mimi nilikuwa mmoja wa wale wa kuimba tu. Nilijua kusoma darasa la tatu.

---

Mjukuu wa Pangani

Sisi wa pwani tulianza chuoni, yaani madrasa, kwa herufi za Kiarabu, kabla ya shule. Alifu ni kijiti tu, hiyo kila mtu anaiweza. Halafu unaletewa ba, ta, tha, na umbo ni lile lile, kama dau. Tofauti ni nukta: moja chini ya dau, mbili juu, tatu juu. Ustadhi alikuwa hatuulizi "hii nini", alikuwa anauliza "nukta ngapi, ziko wapi?" Ukishajibu hilo, jina linakuja lenyewe.

Halafu jioni hiyo hiyo unafungua daftari la shule, huko unaanzia kushoto. Mchana kulia, jioni kushoto. Mimi b na d sikumbuki kunisumbua sana, nadhani kwa vile nilishazoea kuulizwa kidude kiko wapi. Ila 3 niliigeuza mpaka darasa la pili.

---

Kisiki Kikavu

Kwa hiyo huyo ustadhi hakuwa na fimbo?

---

Mjukuu wa Pangani

Alikuwa nayo ndefu sana. Nukta lakini nilijifunza kwa maswali yake.

---

Msomi wa Usiku

Niongeze kwa nini jambo hili linatokea, maana limenisumbua mwaka mzima na binti yangu.

Mtoto tangu anazaliwa anajifunza kwamba kitu hakibadiliki kikigeuka. Kikombe mkono wake ukiwa kulia ni kikombe, ukiwa kushoto ni kikombe. Mbuzi akitazama mlangoni au dirishani ni mbuzi yule yule. Akili yake ingekataa hilo angekuwa na tabu kubwa ya kuishi. Kisha anafika miaka mitano, sita, tunamwonyesha kijiti chenye tumbo na kumwambia: hiki kikigeuka ni kitu kingine, kina jina lingine, na ukikosea utapigwa mkasi mwekundu. Ni herufi tu zenye sheria hiyo. Anachofanya mwanao ni kutumia akili ile ile iliyomsaidia kumtambua mbuzi.

Hata watu wazima waliwahi kuona si tatizo. Wagiriki wa kale walikuwa wanaandika mstari mmoja kwenda kulia, unaofuata unarudi kushoto, kama ng'ombe wa plau anavyogeuka mwisho wa shamba. Herufi nazo zilikuwa zinageuzwa zifuate njia ya mstari. Mwanao angefaulu.

Jingine, zile karatasi za herufi za vitone ambazo mtoto anafuatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walitoa kazi mwaka 2012: watoto wasiojua kusoma bado, wengine wakaandika herufi kwa mkono huru, wengine wakafuatisha, wengine wakabonyeza kwenye kibodi. Wakapiga picha za ubongo watoto wakiziangalia zile herufi. Walioandika kwa mkono huru ndio ambao sehemu za ubongo zinazotumika kusoma ziliamka zaidi. Maelezo yao ni kwamba mkono huru unatoa herufi mbovumbovu za kila namna, na kupitia ubovu huo mtoto anajua nini hasa kinaifanya b iwe b. Mimi vitone nimeviacha. Mtoto anaweza kuviunganisha kuanzia popote, na huenda huko ndiko alikotokea mtoto wa Suka akianzia chini.

---

Mwalimu Visoda

Vitone sivitupi vyote, siku ya kwanza vinasaidia. Lakini naweka kitone kimoja tu, pale pa kuanzia. Mengine amalize mwenyewe.

---

Mama Careen

Naomba nisaidike na mimi. Wa kwangu ana miaka tisa, darasa la tatu, bado anageuza. Dada yangu wa Mwanza ananiambia ni disleksia, ile shida ya kujifunza kusoma. Nimeogopa.

---

Mwalimu Visoda

Mama Careen, wako ni habari nyingine na ya Suka, na tuseme bila kutishana.

Miaka mitano, sita, mpaka saba, kugeuza ni kawaida. Kufika mwisho wa darasa la pili kwa wengi kumekwisha au kumebaki kwa bahati mbaya tu. Tisa ni umri wa kuuliza. Lakini kugeuza peke yake hakutoshi kumpa mtoto jina hilo, na wapo wenye disleksia wasiogeuza herufi hata moja. Wazo kwamba shida yote iko kwenye kugeuza ni la zamani, tangu daktari wa Kimarekani, Samuel Orton, mwaka 1925.

Mimi naangalia mengine. Anasoma neno analolijua kwa kulipapasa herufi moja moja kila akikutana nalo? Ukimwambia sema "bata", sasa ondoa "ba", imebaki nini, anapotea? Imla inamtoa jasho ingawa kwa mdomo ni mchangamfu? Kwenye ukoo kuna aliyesoma kwa tabu hivyo hivyo? Kwanza kapimwe macho na masikio, hayo ni rahisi kuyaondoa kwenye hesabu. Kisha nenda na madaftari yake kwa mwalimu wa darasa, na uulize afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu. Usiende mikono mitupu, nenda na maandishi ya miezi mitatu hivi, wataona kama anasogea au amesimama.

Na anayemwita mjinga mbele yako, mkatalie mtoto akisikia.

---

Mama Careen

Hiyo ya "bata" nimemjaribu sasa hivi. Kajibu "ta" bila kufikiri. Nimepumua kidogo. Madaftari nayakusanya.

---

Fundi Randa

Mimi ni seremala, sina elimu ya hayo mambo, ila kuna mwalimu wa chekechea aliniletea kazi: vibao vya plaiwudi, juu yake herufi za msasa zimegundishwa. Mtoto anapitisha vidole viwili juu ya msasa, njia ile ile ya kuandika. Akasema ni mambo ya Montessori, yule mama wa Kiitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907. Irabu kibao cha bluu, konsonanti cha waridi.

Ushauri wa fundi: msasa uwe laini, ule wa kumalizia. Nilianza na wa kukwangua rangi, watoto wakalalamika vidole. Herufi ikate ikiwa imechorwa nyuma ya msasa, na kumbuka ukichora nyuma lazima uigeuze. Mimi b zangu tano za kwanza nilipozipindua zilikuwa d. Mtu mzima, na futi kamba mfukoni.

---

Anti Zai

Hamjataja ya ngumi!

Wenye Kiingereza wana neno lao la kitanda, "bed", la kukumbukia, sisi halitufai. La kwetu ni BADO. Kunja ngumi mbili, madole gumba juu, ngumi zigusane, ndani ya viganja vikutazame wewe. Mkono wa kushoto umeona b, wa kulia umeona d. Soma kuanzia kushoto: ba-do. Akisita anaweka ngumi mezani, anaangalia, anaendelea. Wanangu nikiwauliza umeshajua b na d wananionyesha ngumi na kusema "bado!"

---

Mwalimu Visoda

Anti Zai hii naiiba kesho asubuhi. Ila iwe ya kujisahihisha wakati wa kusoma. Akiitumia kuandika itabidi aweke penseli chini kila neno, na d bado ataianza na kijiti.

---

Suka Mstaarabu

Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya saba leo.

Wiki mbili za kwanza tulikuwa na a na b tu. Unga wa dona ulitumika siku moja, mama akasema basi, tukahamia mchanga. Ya mgongoni ndiyo aliipenda, mpaka natoka kuoga ananiandikia. Kwenye foleni ananisaidia kuwinda b kwenye mabango na migongo ya magari. Nimegundua daladala zina maneno mengi sana.

d ililetwa wiki ya tano kama twiga. Siku tatu alikuwa anachora na macho ya twiga, nikamwacha. Sasa anaanza na mviringo bila kukumbushwa, isipokuwa akiwa na usingizi. Usingizi ukimshika zinarudi kinyume zote, na 7 inafuata. Ngumi za bado anazo, juzi aliziweka mezani katikati ya chakula kwa ajili ya neno lililoandikwa kwenye chupa ya maji.

Mwalimu wake nilimpelekea ile habari ya pa kuanzia. Hakufurahi sana. Lakini jana kulikuwa na zoezi lile lile, na limerudi na tiki:

"baba yangu ana ndevu. baba ni dereva."

Tatizo ni kwamba Jumapili nilinyoa. Amenitazama wee, akaniuliza kama afute.

---

Teacha wa Kilifi

Asifute. Aongeze "alikuwa". Hakuna b wala d humo, apumzike.